Kijisanduku Kilichoinama Mlangoni

Saa kumi alasiri, Ijumaa. Lois Kageha yuko jikoni, mtaa wa Al Barsha, ughaibuni, akisugua vinara viwili vya fedha. Jua likizama Sabato itaanza, na hakuna moto utakaowashwa katika nyumba hii mpaka kesho jioni, kwa hiyo hana muda wa kupiga soga na mwandishi.

"Uliza tu, lakini mikono haisimami," anasema.

Lois, mzaliwa wa Vihiga, anafanya kazi za nyumbani kwa Madam Irene, mjane Myahudi kutoka Johannesburg. Anapanga meza: vinara, kikombe cha divai, mikate miwili chini ya kitambaa kilichotariziwa. Mkate hufunikwa, anaeleza, usione haya divai inapobarikiwa kwanza.

Alipoajiriwa mwaka jana hakuyajua haya. Siku ya kwanza aliona kijisanduku kwenye mwimo wa mlango, kimeinama. Watu wasafi wana ugonjwa wao. Akachukua bisibisi, akakinyoosha wima kama askari wa gwaride.

"Madam alicheka mpaka akaketi. Mimi nilijua khalas, nimefutwa."

Ndani ya kijisanduku hicho, mezuza, mna ngozi yenye maneno ya Torati yaliyoandikwa kwa mkono, ili aingiaye na atokaye amkumbuke Mungu. Kuhusu kuinama, Madam Irene anatueleza mwenyewe: "Wazee wetu walibishana, kisimame au kilale. Kila upande ukalegeza kidogo, nacho kikainama."

Maneno hayo yalimgusa Lois pabaya alipoyasikia mara ya kwanza. Nyumba anayomjengea mama yake kijijini ilikuwa imekwama kwenye msingi. Mama alitaka mlango utazame kaburi la baba. Shem, kaka yake anayesimamia ujenzi, alitaka utazame barabara. Wakaacha kusalimiana.

"Natuma pesa ya nyumba, kumbe najenga ugomvi," anasema.

Mwezi uliopita aliwapigia wote wawili kwa pamoja. Akapendekeza mlango ukae kwenye kona, utazame huku na huku. Mama alikubali upesi. Shem alinuna, kisha akapeleka mawe.

Desemba Lois ataenda likizo. Anataka kuwaona wawili hao wakipeana mkono kwenye mlango huo.

"Fundi analalamika nyumba itaonekana imepinda," anasema, sasa yuko mlangoni, akikipangusa kijisanduku bila kukisogeza. "Nimemwambia aiache hivyo hivyo. Mimi nishawahi kunyoosha, nikaambiwa nirudishe."