Matone Matatu Kizingitini

Mama yangu ni Mbajuni, baba Mhaiti. Huko ughaibuni nilikokulia, baba alinizoesha kumwaga matone matatu ya kahawa chini kila asubuhi kuwakumbuka wazee wake, mpaka mkono ukawa unamwaga wenyewe bila mimi kujua. Mwezi uliopita nilikwenda kisiwani Chula kwa bibi, mzaa mama. Siku ya nne alinivuta pembeni.

"Mjukuu wangu, kuna mchu atumwagia dawa nyeusi kizingitini!"

Mjomba akagoma kwenda kuvua. Tukasoma Yasini, nami kwa hofu nikaitikia amin kwa sauti kuliko wote, nikaapa kumnasa huyo mchawi. Alfajiri nikakaa nje ya mlango na rungu la mjomba, nikijituliza kwa kahawa. Ghafla mlango ukafunguka. Tone la tatu likaangukia mguu wa bibi.