Kiti Chekundu cha Mama Zuhura

Nilipokuwa mtoto, kwetu Chang'ombe, bundi alitua juu ya bati letu, na asubuhi yake mtoto wa jirani akashikwa na degedege. Mtaa mzima ukataka mchawi kabla chai haijapoa.

Mama Zuhura ndiye aliyewapatia. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya bomba, namwona hadi leo: khanga ya kijani, ndoo kaigeuza kaikalia. "Bundi haji bure, jamani. Yule bibi wa Kimakonde mwenye chale usoni ndiye anayemfuga."

Yule bibi ni bibi yangu. Kufika adhuhuri ilishakuwa "watu wanasema". Mtoto alipona, maneno hayakupona. Wenzangu wakaacha kuja kula mihogo yake ya kuchoma. Mwisho Bibi akaniita: "Mume wangu, mie narudi Newala. Huku nishapewa kazi ya kufuga bundi, na banda sina." Akacheka. Mie nikalia. Kaburi lake liko huko huko.

Jukwaa la vichekesho limenifundisha subira. Nikiwa mtu mzima na kitambi changu, nikaenda kwa Mama Zuhura. Shikamoo, marahaba, visheti mezani. Nikamuuliza nani alianzisha yale.

"Watu, baba! Mie nilisikia tu pale bombani."

Akaapa, na macho yake hayakudanganya, jambo lililonikera zaidi. Bomba analikumbuka, maneno anayakumbuka. Mdomo ulioyatoa, hana habari nao!

Basi nikatafuna kisheti taratibu, nikatunga palepale: "Mama, hujasikia? Ukikalia kiti chekundu cha plastiki harusini, unamwita bundi juu ya bati lako."

Miezi ikapita. Harusi Goba, mshereheshaji mie, na viti nilichagua mwenyewe: vyekundu vyote. Mama Zuhura kasimama na sahani ya pilau, kaegemea nguzo ya turubai. Nikamvutia kimoja.

"Kaa, mama."

"Wee! Kiti chekundu kinaita bundi."

"Nani kasema?"

"Si bibi yako, marehemu! Kanifundisha mwenyewe. Yule mama alijua mambo, Mungu amrehemu."

Nikashusha maikrofoni. Mdomo uliomfukuza Bibi ndio umemrudisha mjini, tena kwa heshima. Mwenzangu huokota neno akasahau alikoliokota; mie nimekumbuka hadi rangi ya khanga, na sijui nani kati yetu amelala usingizi mzuri miaka yote hii.

Ningeweza kumsahihisha. Nikamwacha amesimama mpaka keki ikakatwa.