Goti la Kushoto la Kocha

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia saluni ninakosuka nywele, akaketi kwenye kiti changu, na kabla hajanionyesha picha ya msuko anaoutaka, harufu yake ikanifikia. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo, inayowasha macho na kuacha ubaridi puani. Alisema miguu inamsumbua tangu baridi ianze. Nilishika kitana nikaanza kugawa nywele zake, lakini mikono yangu ilikuwa imeshaondoka pale. Ilikuwa imerudi kwenye goti la kushoto la baba yangu.

Nyumbani tulimwita Papa, kama Wakongo wengi wanavyowaita baba zao. Tulikaa mtaa wa Point, huku kwa Wazulu, chumba kimoja ghorofa ya tatu, chenye pazia katikati. Papa alipakia makatoni kwenye ghala moja la Mobeni, na jioni mbili kwa wiki, pamoja na kila Jumamosi, alifundisha timu ya mpira ya chuo kimoja cha ufundi. Ghalani aliitwa "wewe". Chuoni aliitwa Kochi. Nadhani hilo linatosha kuwaeleza kwa nini aliipenda timu ile.

Goti liliumia akiwa kijana, alipokuwa akicheza mpira Bukavu, na halikupona sawasawa. Kila Jumamosi asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja suruali, nami nikamchua. Nilikuwa na miaka tisa. Vidole vyangu vilinuka dawa ile mpaka Jumatatu, na shuleni hakuna aliyetaka kukaa karibu nami wakati wa kula.

Lakini harufu haikunitesa kama jambo lingine. Kipenga cha mwisho kikilia, tumeshinda au tumefungwa, Papa alivua kofia, akatembea hadi duara la katikati, akapiga goti. Hakupiga la kulia lililo zima. Alipiga la kushoto. Mama alimuuliza mara nyingi sababu, naye alijibu, "Ya kulia haiko na kitu ya kumuambia Mungu." Kisha aliomba kwa sauti ile ile aliyotumia kumfokea beki arudi nyuma. "Seigneur, Bwana Mungu, asante kwa miguu hizi zote!" Aliwataja wachezaji mmoja mmoja kwa majina, na akimaliza wa kwetu aliwaombea wa upande wa pili, ambao majina yao hakuyajua, kwa namba za jezi.

Wachezaji walipiga magoti kumzunguka. Wengi walikuwa Wazulu, Kiswahili hawakujua hata neno, lakini mkono wa Papa ukipanda walijua ni wakati wa kusema amina, na waliisema kwa nguvu. Mmoja tu hakupiga goti. Huyo alikuwa Salumu, golikipa, Mtanzania wa Tanga, Muislamu. Yeye alisimama nyuma ya wenzake, glavu kwapani, viganja wazi, akiomba ya kwake kimya kimya. Papa hakuwahi kumuuliza neno. Tena Salumu ndiye aliyekuwa na kazi kubwa kuliko wote, maana goti la Papa likishashuka halikupanda lenyewe. Amina ikiisha, Salumu alipita katikati ya wenzake, akamshika Papa chini ya kwapa, akamvuta.

"Haya Kochi, Mungu ameshasikia. Inuka kabla nyasi hazijakuotea."

"Taratibu, Salumu. Mimi siko gunia."

Watu waliokaa kwenye mabenchi walicheka. Wengine walitoa simu wakapiga picha. Jumatatu shuleni mvulana mmoja wa darasa langu alinisubiri mlangoni. "Eish, papa yako aliangusha two rand pale katikati? Bado anaitafuta?" Darasa zima likacheka, na mimi nikainama kana kwamba nafunga kamba za viatu, ingawa viatu vyangu havikuwa na kamba.

Nilikuwa na haya kupita kiasi. Mtu mzima akiniuliza kitu, koo langu lilijifunga kama mdomo wa mfuko. Kwa hiyo nilijitafutia njia: niliitikia kwa kichwa. Niliulizwa nimeshiba, nikaitikia. Niliulizwa nina njaa, nikaitikia. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu mzima ukimkubalia huondoka haraka.

Siku moja, baada ya mechi, Miss Pillay alikuja kuketi karibu yangu benchini. Yeye alisimamia michezo pale chuoni, mama mpole mwenye mwavuli wa kujikinga jua. Alimenya chungwa akanipa nusu.

"Wewe ni mtoto wa Kochi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nikaitikia.

"Unapenda mpira?"

Nikaitikia.

Alitazama pale katikati, ambapo Papa alikuwa amefika namba kumi na moja ya wapinzani. "Wale vijana," akasema, "baba yako huwalazimisha kupiga magoti?"

Nikaitikia.

Ningependa kuwaambia kwamba sikuelewa swali. Nilielewa. Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha nyumba yetu nzima. Nilitaka tu maswali yaishe, nile chungwa langu. Na kweli yaliisha. Miss Pillay alifunga mwavuli akaondoka, nami nikafurahi.

Jumatano Papa alirudi na barua. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa barua zote za Kiingereza nyumbani, alinikabidhi, akakaa, Mama akapunguza moto wa jiko ili asikie. Niliisoma mstari kwa mstari na kuigeuza Kiswahili. Chuo kilikuwa kimepata habari kwamba wachezaji wanalazimishwa kusali. Kocha asiombe tena uwanjani. Jumatatu aje ofisini, na huko ndiko kungeamuliwa kama ataendelea na timu au ataondolewa. Chini kulikuwa na sahihi ya Miss Pillay.

"Nani alisema uongo hiyo?" Mama aliuliza.

"Mutu ya wivu," Papa akasema. "Eneo hili wivu iko mingi." Alichukua barua, akaikunja vizuri sana, akaiweka ndani ya Biblia yake. Usiku hakula sawasawa.

Siku zile tatu nilijua maana ya kubeba kitu kizito. Nilimwona Papa akipiga pasi jezi ya mazoezi, naye huwa hapigi pasi jezi ya mazoezi. Jumamosi asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja suruali, nikafungua kopo. Nilichua nikiangalia goti tu, sikuthubutu kupandisha macho. Nikaliambia goti lile, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Miss aliniuliza kama unawalazimisha. Nikaitikia."

Goti lilitulia mikononi mwangu. Nilingoja kofi, nilingoja Mama aitwe. Papa akauliza, "Uliitikia kwa sababu ni kweli, ama uliitikia kwa sababu unaitikiaka kila siku?"

"Naitikiaka," nikasema, nikaanza kulia.

Alishusha suruali, akavaa viatu, akaniambia nichukue sweta twende.

Mechi ile tulishinda. Kipenga kilipolia, wachezaji walianza kwenda katikati kwa mazoea, wakashangaa Papa haji. Aliwaita kando ya mabenchi. Nilikuwa pale pale, nikijificha nyuma ya mfuko wa mipira. Aliwaambia kwa Kiingereza chake cha ghalani kwamba ana swali, na anayetaka kumsaidia asiseme la kumfurahisha. "Nani anapiga magoti bila kupenda?"

Walicheka kwanza. Nahodha akasema, "Hakuna, Kochi. Sisi tunapenda." Wengine wakaunga mkono.

"Mimi sipigi kabisa," Salumu akasema, "na ninacheza kila mechi. Nani kalazimishwa hapa?"

Ndipo sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikatoka nyuma. Alikuwa Sipho, winga mwembamba, asiyeongea hata akifunga bao. "Wewe ni golikipa," alimwambia Salumu. "Hatuna mwingine."

Kila mtu akamgeukia. Sipho akaangalia viatu vyake, na nilivyomwona akiangalia viatu vyake, masikio yangu yalipata moto kana kwamba nimetazamwa mimi.

"Kwetu hatuombi hivyo, Kochi," akasema. "Napiga goti kwa sababu nataka kucheza."

"Nilikuambia usipopiga hautacheza?"

"Hapana, Kochi." "Lakini huwa unatuangalia."

Papa akakaa juu ya mfuko wa mipira. Alikaa muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akasema, "Sharp, Sipho, sawa. Asante." Akainuka kwa shida, na safari ile hata Salumu alisahau kumsaidia.

Kwenye taksi ya kurudi tulisimama kwenye robot moja, taa za barabarani, ambayo nyekundu yake haikutaka kuisha. Nikajikaza nikasema, "Papa, Jumatatu nitamwambia Miss kwamba nilidanganya."

"Ulidanganya?" akaniuliza. Taa ikageuka kijani.

Jumatatu alinichukua mpaka ofisini. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu sita, na nilipofika mlangoni yote yalikuwa yamekauka. Miss Pillay alikuwa na karatasi mezani na uso wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Papa hakuketi. Alisema, "Mtoto wangu alikuambia kweli. Mimi ndiye nilikuwa sijui."

Miss Pillay aliitazama karatasi yake kana kwamba imebadilika maandishi. Walizungumza kidogo. Mwishowe akasema Papa ataendelea na timu, ila asimwite mtu yeyote katika sala, na asisali mpaka wachezaji wawe wameruhusiwa kuondoka.

"Na mutu akikuja mwenyewe?" Papa akauliza.

"Akija mwenyewe, hayo ni yake."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Papa alisema uongo ili anikinge. Niliuhesabu kuwa uongo mzuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Sasa najua hakuwa ananikinga hata kidogo. Alikuwa amegundua kwamba goti la Sipho na kichwa changu vilifanya kazi moja: vyote viwili viliinama ili mtu mkubwa aridhike. Na aligundua upesi, pale pale juu ya mfuko wa mipira, kwa sababu alikuwa na kichwa kama hicho nyumbani, anakiona kikiinama kila siku mezani, akidhani ni adabu.

Jumamosi iliyofuata tulifungwa tatu kwa moja. Kipenga kilipolia, Papa akawaambia vijana, "Kazi imekwisha, muende kubadilisha nguo." Wakaenda. Wachache waligeuka nyuma, lakini bado hawakujua la kufanya na uhuru ule, wakaendelea kutembea. Papa alivua kofia akaenda katikati peke yake, akapiga goti la kushoto. Kwa mara ya kwanza sikusikia hata neno moja la sala yake.

Mabenchini simu zilitoka kama kawaida. Nikaona Papa ameweka mkono kwenye nyasi, amejisukuma, amerudi chini. Akajaribu tena. Akarudi chini tena. Mtu mmoja nyuma yangu akacheka.

Salumu alikuwa ameshafika kwenye geti. Alisimama, akanitazama mimi. "Wewe! Unangoja nani?" akapaza sauti mbele ya watu wote. "Mimi nimeambiwa nikabadilishe nguo!"

Sijui kama mmewahi kutembea kutoka mstari wa pembeni hadi katikati ya uwanja huku mnatazamwa. Ni mbali sana. Nyasi zilikuwa na maji ya mvua ya asubuhi na soksi zangu zililowa. Nilisikia kicheko kingine, nikasikia mlio wa simu ikipiga picha, na koo langu likajifunga kama mfuko. Lakini kazi ile haikuhitaji koo. Nilifika, nikaingiza bega langu chini ya kwapa lake, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Alinuka dawa niliyompaka mwenyewe asubuhi.

"Taratibu," Papa akasema. "Mimi siko gunia."

Hakuniuliza kama nimekuja kwa kupenda. Aliuangalia uso wangu kwanza, akatosheka, kisha akaniegemea kwa uzito wake wote.