Siku Niliyomtaja Salome Mbele ya Mke Wangu

Jamani, hii habari sijawahi kuisimulia nikiwa nimekaa vizuri, kila nikifika katikati huwa natafuta sababu ya kwenda kuchota maji ya kunywa, lakini kwa kuwa nusu ya Kamachumu waliishuhudia na nusu nyingine wamehadithiwa kwa chumvi nyingi, afadhali mnisikie mwenyewe niliyeaibika.

Mnajua kazi yangu. Kwenye ile tamthilia inayorushwa baada ya taarifa ya habari mimi ndiye Gidion, mume wa Salome, na nimekuwa mume wa Salome kwa miaka mingi kiasi kwamba sokoni Bukoba hakuna anayeniita Respicius tena, hata muuza ndizi ananipigia kelele, "Gidion, Salome hajambo?" Na Gidion ni mume haswa. Hapazi sauti, hasahau jambo, mkewe akinuna analijua kosa lake kabla hajaambiwa. (Wanaume wenzangu wengi wananichukia kwa sababu yake, nami nawaelewa.) Mke wangu wa kweli ni Edith, mwalimu, tunaishi Kahororo, au niseme yeye na binti yetu Kemi ndio wanaoishi Kahororo, maana mimi muda mwingi niko Dar tunakorekodi, narudi nikipewa nafasi.

Basi mdogo wangu Novatus, mtoto wa baba mdogo, akawa anaoa, sherehe kwao Kamachumu, nami safari hiyo nikapata ruhusa. Edith alifurahi sana. Alishona kitenge, nami nikashonewa shati la kitambaa hicho hicho, tukaingia pale kwenye turubai tumefanana, watu wakatushika mikono, tukaletewa kahawa za kutafuna za kukaribishia wageni, nikajiona mtu mwenye nyumba yake.

Tulipomaliza kula mshereheshaji akaniona. Akatangaza kwamba leo tumebahatika, mume bora kuliko wote nchini yuko nasi, aje awape maharusi neno. Edith akaniwekea mkono gotini.

"Baba Kemi, usiende. Leo wewe ni kaka wa bwana harusi tu."

"Dakika moja, mama," nikamwambia, na tayari nilikuwa nimesimama.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeongea kama Respicius ningesema maneno mawili ya kawaida, pendaneni, vumilianeni, nirudi kukaa. Lakini niliposhika ile maiki watu wakapaza sauti, "Gidion! Gidion!" na sauti iliyonitoka ilikuwa ya Gidion, ile ya taratibu, nzito, ya mtu asiyekuwa na haraka ya kwenda popote, na turubai zima likanyamaza, akina mama wakaacha kukusanya sahani, nami nikalewa sifa (rubisi, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa nimeonja kidogo tu, msisingizie rubisi). Nikamwambia Novatus kwamba ndoa ni kukaa. Mwenzako akiumwa, kaa. Akikasirika, kaa. Kisha nikasema, kwa kinywa hiki, "Mimi na mke wangu Salome tumepita mengi, lakini sijawahi kumwacha peke yake hata siku moja."

Wallahi sikujisikia. Nilisikia makofi tu. Tena nikaona wamependa, nikaongeza habari za ugonjwa wa Salome, jinsi nilivyokesha naye hospitali, jinsi nilivyomlisha uji kijiko kwa kijiko, mpaka mama mmoja kule nyuma akajifuta macho kwa khanga.

Ndipo akasimama shangazi yangu Leokadia. Huyu ni dada yake marehemu baba, amezeeka, haoni vizuri wala hasikii vizuri, na runinga hana. Akaomba maiki. Kwetu shangazi akiomba kusema hakuna wa kumkatalia, akapewa.

"Respi mwanangu, waitu," akasema, kwa lile neno letu la upole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniua, "Edith tulikwenda kumposa kwao Kaagya, mimi mwenyewe nilikuwepo. Mkafunga ndoa kanisani. Sasa huyo Salome ulimwoa lini, na Edith umempeleka wapi?"

Watu wakacheka mpaka viti vya plastiki vikaanguka. Mimi nikamtazama Edith. Amekaa pale pale na kitenge chetu mwilini, mikono mapajani, amejitahidi kutabasamu kama wanavyotabasamu watu waliozungukwa. Nikataka kurekebisha haraka, nikamjibu shangazi kwa sauti kubwa ili asikie:

"Hapana shangazi, Salome ni wa kazini tu!"

Mungu wangu. Wa kazini tu! Kicheko kikakatika. Wazee wa upande wa bibi harusi wakatazamana, padre akainamia soda yake, na shangazi Leokadia akatikisa kichwa polepole, akamrudishia mshereheshaji maiki, akaenda akakaa karibu na Edith, akamshika mkono kama mtu aliyefiwa. Kila nilipojaribu kueleza kwamba ni mchezo, kwamba huyo dada ana mume wake na watoto wake, nilizidi kuonekana mwanamume aliyebanwa. Mwishowe Novatus mwenyewe, bwana harusi na suti yake, ndiye aliyeninyang'anya maiki na kuomba muziki.

Tulipoondoka mvua ilianza. Tukapita Muhutwe. Tulipofika Kemondo mvua ikawa kubwa, sioni barabara, nikaegesha pembeni. Nikaona nisipoongea hapo sitaongea tena. Nikamgeukia, nikamwambia, "Mama, nimekosa. Sina wa kumlaumu ila mimi. Nipe nafasi nikuoneshe moyo wangu."

Edith akafuta ukungu kwenye kioo cha upande wake.

"Hayo ulimwambia Salome," akasema. "Mwezi uliopita, mlipokuwa kwenye ile bustani. Kemi anayajua kwa moyo, anaigiza sebuleni. Mimi niambie yako."

Ndugu zangu, nikatafuta la kumwambia. Kila neno lililonijia nilikuwa nimeshalitumia, na yote nilikuwa nimeandikiwa na watu wengine.

Akaendelea, bado bila kupaza sauti. "Watu kucheka si kitu, nitawazoea. Lakini umewaambia ulikesha hospitali. Unakumbuka nilipolazwa na homa ya matumbo? Ulinitumia ujumbe wa sauti, ukasema mnarekodi. Wodini kulikuwa na runinga. Nikakutazama ukimlisha mwenzako uji, na muuguzi aliyekuwa ananiwekea dripu akaniambia, mama, una bahati wewe."

Nilishika usukani wa gari lisilokwenda. Nikamwambia kwamba namwogopa yeye mwenyewe. Kwamba kule najua la kusema kwa sababu limeandikwa, na nyumbani nikifika nakuta ninyi wawili mmeshazoea kuishi bila mimi, sijui nishike wapi, basi narudi kazini mapema. Niliyasema vibaya, kwa kurudiarudia, nusu Kiswahili nusu Kihaya, na machozi ambayo Gidion huyatoa akitakiwa siku hiyo hayakuja. Edith hakunikumbatia. Alisema tu, "Hilo sijawahi kulisikia," kisha akaniambia mvua imepungua, twende.

Kesho yake tulirudi Kamachumu wote wawili kumweleza shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo unalipwa kumpenda huyo?" Nikasema ndiyo. "Na huyu?" Edith akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake, mimi nikatazama migomba.

Salome bado ni mke wangu baada ya taarifa ya habari, ndiyo kazi inayomsomesha Kemi. Ila maiki ya harusi ya mtu sitaishika tena hata anisihi askofu. Na nikiwa Dar nampigia Edith kila jioni, sina maneno mazuri, mara nyingi naishiwa, nabaki nasikiliza sufuria za kule Kahororo zikigongana, mpaka anauliza, "Upo?"

Namwambia, "Nipo."