Mguu wa Kaka Yake Pisila

Muuguzi Pisila alikuwa na mdomo, na kisiwa chetu kizima, katika visiwa vya Ha'apai, kiliupenda. Wazee wenye sukari aliwatania mpaka wakaacha wenyewe nyama ya mafuta. Akina mama walifika kwa kikohozi, wakaishia kumsimulia ya ndoani. Dawa, alisema, huanza kwa kumsikiliza mtu.

Mmoja tu alimshinda: Tavake, kaka yake wa tumbo moja. Kwetu Tonga kaka na dada wakishabalehe hawakai chumba kimoja, sembuse kuzungumzia mwili. Basi Tavake, naye ana sukari, alipopata kidonda mguuni, Pisila alikuwa akiuliza habari kwa wifi yake, Lose. Na Lose, maskini, kwa haya zake, kila siku alijibu kwamba kinakauka.

Siku moja Pisila akapita karibu na dirisha lao, akanusa harufu ya nyama iliyooza. Mguu ule haukuwa unapona. Ulikuwa unakwenda, na mwenyewe angeufuata. Akaketi barazani, akaupa mlango mgongo.

"Lose, mwambie mumeo boti ya hospitali inaondoka kesho asubuhi."

Lose akageukia ndani, akarudi. "Anasema viazi vikuu havijavunwa."

"Mwambie viazi vikuu havina miguu, havitakimbia."

Ndani mtu akacheka, akajizuia. "Anasema wiki ijayo."

"Mwambie wiki ijayo atavaa kiatu kimoja."

Lose akageukia ndani kulichukua jibu. Kisha sauti ya Tavake ikatoka yenyewe, haikupitia kwa mkewe.

"Dada, baba alipanda boti hiyohiyo, akarudi ndani ya sanduku. Naogopa."

Kwa mila yetu dada ana amri juu ya kaka. Pisila alikuja nayo mdomoni; akaimeza. Machozi yakamtoka kwa uchungu: aliwasikiliza watu wote, wa kwake hakumsikia.

"Hata mimi naogopa, kaka," akasema, bado amegeukia uani. "Twende tukaogope wote. Wewe utakaa tezi kule nyuma, mimi omo mbele."

Mguu ulipona, ukapungukiwa vidole viwili tu. Lakini watu wa boti wanaikumbuka safari ya kwenda. Lose alikaa katikati, tayari kupokea ujumbe, na njia nzima hakuna aliyemtuma neno. Wale wawili walipeana migongo, wakawa wanazungumza wenyewe juu ya baba yao.