Mzee Aliyefungiwa Ndani ya Fensi

Mwenzangu aliamini kwamba mchezo wa simu ukikosa joka linalotema moto, hakuna mtu atakayeupakua. Alilisema hilo siku ya kwanza tulipofungua laptopu zetu katika chumba kilicho juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo pale Munyaka, na akaendelea kulisema kila asubuhi kabla ya chai. Tulikuwa wawili tu. Yeye alikuwa na wazo, kofia ya sweta ambayo haikutoka kichwani hata jua likiwaka, na cheo cha mkurugenzi alichojipa mwenyewe. Mimi nilikuwa na kazi yote iliyobaki.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Unapewa ardhi tupu kwenye simu na mtu mdogo wa kutembea juu yake, unapewa matofali, mbao na mawe, kisha unajenga unachotaka. Hakuna kushinda wala kushindwa. Hilo ndilo lililonivuta hadi nikaacha kufundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari huko Soy. Baba yangu ndiye aliyenitafutia kazi ile. Alimwendea mwalimu mkuu tena na tena akiwa amevaa koti lake la kanisani. Nilipomwambia naiacha, hakupiga kelele. Alirudi kwa mwalimu mkuu, akaomba nafasi yangu iwekwe hadi muhula unaofuata, kisha akaniambia:

"Hiyo kitu yenu, uniletee niione kabla shule ifunguliwe. Kama ni ya maana, sawa. Kama ni upuzi, unarudi darasani, na hutaniambia tena mambo ya game."

Nilikubali. Nilikuwa na muhula mmoja wa uhuru, na mwingi wake niliupoteza nikibishana kuhusu theluji.

Naam, theluji. Mkurugenzi alitaka milima yenye theluji, kasri zenye minara, na misitu ya miti ambayo hajawahi kuigusa maishani. Mtu huyu alizaliwa karibu na Timboroa, mahali ambapo baridi inaingia hadi kwenye mifupa, lakini theluji aliiona kwenye skrini tu. Nilimuuliza kwa nini mchezaji asijenge nyumba ya mabati, ghala la mahindi, tangi la maji. Alinitazama kama mtu aliyekanyagiwa kiatu kipya.

"Bro, nani ana-download game ili ajenge store ya mahindi? Watu wanataka ku-escape."

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na huyu alikuwa mtumwa aliyejichapishia kadi za ukurugenzi. Nilimdharau waziwazi, kisha nikamwandikia joka lake. Lilinilia wiki tatu. Lilipaa, likatema moto, na simu za bei nafuu zikapata joto la kuchoma kiganja. Ili kuokoa muda, tuliamua kwamba katika toleo la kwanza mtu ajenge tu. Kubomoa kungekuja baadaye. Milango ya kasri ilichorwa vizuri sana, ila haikufunguka. Nguzo na seng'enge niliziongeza mwishoni, kwa lengo la kumkera mkurugenzi tu.

Jumamosi moja, likizo ikikaribia kuisha, nilimpelekea Mzee wangu simu. Alikuwa ameketi nje kwenye stuli, akipukuchua mahindi. Alipangusa mikono, akavaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili. Nilimwonyesha kasri. Akasema, "Mm." Nilimwonyesha joka. Akauliza linakula nini. Kisha nikampa ardhi tupu, nikakaa nyuma yake nikisubiri aanze kujenga nyumba.

Hakujenga nyumba. Alianza kuweka fensi.

Nilipaswa kulijua hilo. Hapa kwetu mtu akinunua hata robo ekari, nguzo hutangulia kila kitu. Kabla ya msingi, kabla ya choo, wakati mwingine kabla ya kumwambia mke, unazungusha seng'enge, la sivyo ng'ombe wa jirani watakuonyesha kwamba shamba ni lao pia. Mzee alipanda nguzo moja baada ya nyingine, akirudi nyuma kuangalia kama zimenyooka, kwa karibu saa nzima. Nilianza kufurahi kimoyomoyo. Mahindi yalikuwa yamesahauliwa miguuni pake.

Alipofunga kona ya mwisho, alipekua orodha ya vifaa. Akaipekua tena.

"Geti iko wapi?"

"Bado hatujaweka geti, Mzee."

"Haya. Wacha nitoe nguzo moja nipite."

"Kutoa pia bado hatujaweka."

Kwenye skrini, mtu wake mdogo alitembea hadi kwenye seng'enge, akagonga, akarudi, akagonga upande wa pili.

"Sasa huyu anafanya nini huko ndani?"

Alinirudishia simu, akaokota hindi jingine.

"Mmeweka nyoka inaruka," alisema, "na hamjaweka geti."

Niliona aibu hadi masikioni. Muda wote nilimcheka mwenzangu kwa kupasahau kwao, na kumbe ni mimi niliyeandika kila mstari wa mchezo ule, mimi niliyelelewa nikitumwa kila jioni kufunga geti la boma. Nyani haoni kundule.

Jumatatu nilimwambia mkurugenzi tutoe joka, tuweke geti na kubomoa.

"Geti haina wow," alisema.

Nikamwambia abaki na wow yake. Alilichukua joka akaenda nalo Nairobi kulionyesha watu, na hadi leo sijasikia kama kuna aliyeungua. Mimi nilijifungia Munyaka siku nne nikitengeneza kitu ambacho fundi yeyote wa Soy angekichomelea kwa asubuhi moja.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, nilimpa Mzee simu tena. Mtu wake alikuwa bado ndani ya fensi, pale pale alipomwacha. Mzee aliweka geti, akalifungua, akamtoa nje. Kisha, kabla hajampeleka popote, alimgeuza na kulifunga geti nyuma yake, ingawa katika dunia yetu hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Huyo mwalimu mkuu," alisema bila kuinua macho, "utaenda umwambie wewe mwenyewe atafute mtu mwingine. Mimi nimemsumbua ya kutosha."