Sinia la Saa Tano

Kwa miaka kumi na minne nilikula chakula cha usiku mara mbili. Cha kwanza na watoto, baada ya magharibi. Cha pili na mume wangu, saa tano, akirudi kutoka kwenye ghala la Changamwe anakopakia mizigo. Kwetu Magogoni, mke hamfunikii mumewe sahani akaenda zake kulala. Tulikula sinia moja, sima na samaki, au wali na mchuzi uliobaki. Nikishatoa vyombo nalala papo hapo, tumbo limejaa, na saa kumi na nusu niko macho nawakaangia watoto mahamri. Sikuona ubaya. Nilimpenda, na ile ndiyo saa pekee tuliyokuwa tukizungumza.

Kisha ndugu yangu wa kiume, anayenifuata, akaugua figo. Alikaa Likoni, na mara mbili kwa wiki alivuka feri kwenda kusafishwa damu kwa mashine. Tulizaliwa wawili tu. Nilipoambiwa damu zetu zapatana nililia mbele za watu kwa furaha. Figo ninazo mbili, moja yake, basi.

Daktari alinipima uzito, akanipima sukari, kisha akaniuliza nala saa ngapi na nalala saa ngapi. Nikapandwa na hasira.

"Ala! Mimi nimekuja kutoa figo, wewe wanipeleleza mambo ya nyumbani kwangu?"

"Mama," akasema taratibu, "kwa uzito huu na sukari hii, nikikupasua nitakuwa na wagonjwa wawili. Punguza kilo kumi na mbili, kisha uje. Anza na hicho chakula cha saa tano. Kula mapema, ulale usingizi wa kutosha. Usingizi mfupi nao huzidisha njaa."

Nilitoka pale nikinung'unika. Mimi kutwa nafua, nafagia, nachota maji, na chakula cha mchana mara nyingi hata sikigusi!

Usiku ule nilimwandalia mume wangu, nikaketi kando, mikono mapajani. Tonge likamsimama mkononi.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimekatazwa kula saa hizi."

"Tonge moja tu, mke wangu. Nitakulaje peke yangu kama mfungwa?"

Nikalila. Wallahi sikuweza kumkatalia. Kesho yake yakawa matatu, na mwezi ule wa kwanza ukaisha mizani ikiwa palepale. Nilijiambia ni heshima. Uongo mtupu, ulikuwa woga. Niliogopa mume wangu asije akanuna.

Mwisho wa mwezi ndugu yangu akaja kututembelea. Miguu imevimba, anatembea akishika ukuta. Hakuniuliza habari za mizani hata kidogo, alimwuliza shemeji yake habari za kazi. Alipoondoka, mume wangu alilia, mtu mzima vile. Kesho yake alirudi ameshakula kibandani, langoni mwa ghala.

"Wewe lala," akaniambia. "Mlango nitakuwa nafungua mwenyewe."

Basi nikawa nala na watoto tu, na saa tatu nimelala. Siku za mwanzo nilikuwa nikisikia ufunguo mlangoni, nikilia chini ya shuka kwa upweke. Baadaye nikazoea, nikawa sisikii kitu hadi alfajiri. Naamka mwepesi, bila ile njaa ya kunitia wazimu. Kilo zikaanza kutoka, mbili mwezi huu, mbili mwezi ujao. Kila nikitoka kwenye mizani nampigia ndugu yangu simu, naye anacheka, "Dada, utabaki mifupa!"

Mwezi wa sita nilikuwa nimebakisha kilo mbili. Alifariki Jumatano asubuhi, kabla hajafungwa mashine.

Matangani Likoni wanawake walinishika mikono. "Maskini, umekonda! Majonzi yamekumaliza." Mmoja akanisogezea sahani ya wali, akanisihi nile nipate nguvu. Nilitaka kumpigia kelele. Yeye hakuwa na kosa lolote, nikainama tu.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia mume wangu, "Zilikuwa zimebaki mbili."

Alijua, kama nijuavyo mimi, kwamba ule mwezi wa kwanza ungetosha kuziondoa.